Chamonix kwa Wawili Wasiolingana Miguu

Wawili wakienda milimani pamoja, kinachowatenganisha ni kushuka kuliko kupanda. Kupanda kunakata pumzi, na pumzi hurudi ukisimama dakika mbili. Kushuka kunakula mapaja na magoti, na hivyo havirudi siku hiyo. Msuli wa paja unaposhusha mwili hatua baada ya hatua hufanya kazi huku unavutwa, nao huchanika kidogo kidogo bila mwenyewe kuhisi. Maumivu huja kesho yake, na keshokutwa huwa makali zaidi. Ndiyo maana wageni wengi wa Chamonix, mji wa milimani wa Ufaransa, hutumia siku ya kwanza kushuka mita 1,000 kwa furaha, kisha siku ya pili na ya tatu hushuka ngazi za hoteli kinyumenyume.

Kwa hiyo siku ya wawili ipimwe kwa magoti ya yule anayeshuka polepole. Hilo likishaamuliwa, mengine hufuata: njia ipi, tikiti ipi, kuondoka saa ngapi, hata nani abebe maji.

Chamonix-Mont-Blanc uko mashariki mwa Ufaransa, katika mkoa wa Haute-Savoie, kwenye mwinuko wa mita 1,035. Ni mji mwembamba uliolala kando ya mto Arve. Upande wa kusini umesimama Mont Blanc, unaopita mita 4,800, pamoja na safu ya minara ya mawe na barafu. Upande wa kaskazini kuna milima mifupi zaidi, Aiguilles Rouges, inayopigwa na jua karibu kutwa. Jacques Balmat na daktari Michel Paccard walifika kilele cha Mont Blanc tarehe 8 Agosti 1786. Mwaka 1821 waongozaji wa hapa wakaunda chama chao, na mwaka 1924 mji ukaandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Historia hiyo ndefu ya kupokea wageni imeacha kitu chenye faida kubwa kwa watu wawili wasiolingana: magari ya kebo, vilifti vya viti na treni za milimani pande zote mbili za bonde. Aliye imara na asiye imara hufikishwa kwenye ukingo mmoja, wenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, bila yeyote kutoka jasho. Wenyeji huziita njia za ukingo huo balcon, yaani roshani, na hilo ndilo jina linalozifaa: unatembea karibu sawasawa, bonde liko chini yako na barafu iko mbele ya macho.

Kabla ya kuchagua njia, jifunzeni kusoma vibao. Vibao vya njia panda huonyesha muda wa kutembea, na muda huo hauna mapumziko, picha, chakula wala kutafuta glavu. Watu wawili wenye afya ya kawaida waongeze theluthi moja. Hesabu ya kufanya wenyewe ni hii: mita 300 hadi 350 za kupanda kwa saa, mita 450 hadi 500 za kushuka kwa saa, na kilomita 4 kwa saa penye tambarare. Kibao kikisema kilomita bila kutaja mita za mwinuko, kilomita hizo hazijawaambia kitu. Kilomita 5 kwenye roshani ni asubuhi moja nyepesi. Kilomita 5 za kwenda juu ni siku nzima.

Siku ya kwanza tunapendekeza Grand Balcon Sud, kutoka La Flégère (mita 1,877) hadi Planpraz (mita 2,000). Ni saa mbili hivi za kutembea. Wengi hupita kinyume kwa sababu lifti ya Planpraz iko karibu na katikati ya mji. Sisi tunapenda kuanzia Flégère kwa sababu mbili: Mont Blanc unakuwa mbele na si mgongoni, na njia inamalizikia kwa kupanda kidogo badala ya kushuka. Njia hii pia ndiyo mahali pazuri pa kufanya jambo ambalo wapenzi wengi huliogopa, yaani kugawana siku. Anayetaka jasho aondoke kijiji cha Les Praz, mita 1,060 hivi, apande msituni hadi Flégère kwa miguu: mita 800 na ushei, saa mbili na nusu. Mwenzake anywe chai kwa utulivu, apande gari la kebo, wakutane juu. Kuanzia hapo wote wawili wanaanza njia ileile, mmoja akiwa na miguu mibichi na mwingine ameshapunguza moto. Mwendo wao unafanana kwa mara ya kwanza. Kisha wote wanashuka kwa lifti ya Planpraz, na hakuna aliyemaliza magoti yake.

Angalizo: lifti za bonde hili hazifanyi kazi mwaka mzima. Za upande wa Brévent (ndiko iliko Planpraz) na Flégère hufunguliwa katikati ya Juni hivi na kufungwa Septemba, halafu hurudi kwa msimu wa theluji. Mara nyingine moja hufungwa msimu mzima kwa ujenzi. Angalieni ratiba ya wiki hiyohiyo kabla ya kulipia malazi. Ikiwa Flégère imefungwa, pandeni Planpraz, tembeeni nusu ya roshani, mrudi mlikotoka. Hakuna kilichopotea, maana mandhari ya kurudi si ile ya kwenda.

Kisha kuna Aiguille du Midi, ambayo karibu kila mgeni huja kwa ajili yake. Lifti yake ilifunguliwa mwaka 1955. Inapanda kwa awamu mbili: kutoka mjini hadi Plan de l'Aiguille, mita 2,300 na kidogo, kisha kwa waya mrefu hadi kwenye mwamba. Lifti nyingine ndogo ndani ya jiwe huwafikisha mita 3,842. Safari ya kebo yenyewe ni dakika 20 hivi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo, mita 3,720, siku ya pili kwa mwendo wa pole pole. Hapa mtu anafika juu zaidi ya Horombo kabla chai ya asubuhi haijatulia tumboni. Mgandamizo wa hewa huko juu ni kama asilimia 63 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa zaidi ya theluthi.

Kinachotokea kwa kawaida ni kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kichwa kuwa kizito. Ugonjwa wa mwinuko wenyewe huhitaji saa kadhaa kujitokeza, kwa hiyo anayekaa saa moja na nusu kisha akashuka huwa salama. Kosa la kawaida ni kutoka kwenye lifti na kukimbilia ngazi kwenda kupiga picha. Tembeeni kama wazee kwa dakika 15 za mwanzo. Kaeni ndani kwanza, kunyweni maji, kisha ndipo mtoke kwenye baraza. Mmoja akisikia kichefuchefu, au akianza kujibu maswali polepole, wote wawili wanashuka na gari linalofuata. Yule mzima asibaki "dakika kumi tu", kwa sababu mgonjwa wa mwinuko hatakiwi kushuka peke yake. Wenye matatizo ya moyo au mapafu, na wajawazito, waongee na daktari kabla ya kununua tikiti, na watoto wachanga hawapandi.

Baridi nayo ina hesabu. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kutoka mjini hadi juu ni mita 2,800, sawa na nyuzi 18. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 mjini ni nyuzi 3 chini ya sifuri huko juu, na hapo upepo haujahesabiwa. Sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu, viatu vilivyofungwa. Miwani ya jua ni lazima kwa sababu theluji hurudisha mwanga kutoka chini. Mtu huungua hadi chini ya kidevu na ndani ya pua.

Tikiti ya kwenda na kurudi inapita yuro 70 kwa mtu mzima, kwa hiyo wawili wanaweka zaidi ya yuro 140 mikononi mwa mawingu. Agizeni nafasi ya magari ya kwanza ya asubuhi, na muagize tarehe ikiwa karibu, utabiri ukishaonekana. Mchana mawingu hupanda kutoka bondeni na kuufunika mwamba. Watu hulipa bei ileile kutazama ukungu mweupe. Ikiwa siku hiyohiyo mnataka pia treni ya Montenvers, linganisheni jumla ya tikiti mbili na bei ya pasi ya siku moja ya Mont Blanc Multipass. Mara nyingi pasi ndiyo nafuu. Ikiwa mnapanda kitu kimoja tu, msiinunue.

Huko juu kuna mlango unaotokea kwenye handaki la barafu, na baada yake ukingo mwembamba wa theluji. Mtawaona watu wamefungana kamba wakitoka hapo. Mlango huo si wa wageni wenye raba. Mita chache tu baada yake, kuteleza upande wa kushoto ni kuanguka kuelekea mjini.

Wakati wa kushuka, msirudi mjini moja kwa moja. Teremkeni Plan de l'Aiguille na mshike Grand Balcon Nord hadi Montenvers, mita 1,913. Ni kilomita 6 hivi, saa mbili na nusu, nyingi zikiwa za kuteremka taratibu kwenye mawe. Kuna njia panda karibu na mwisho: moja inapanda kidogo kwenye ukingo wa Signal Forbes, nyingine inateremka chini zaidi. Chukueni ya juu. Kupanda kwake ni kufupi, na ghafla mnaiona barafuto ya Mer de Glace yote, yaani mto wa barafu unaosogea polepole kati ya kuta za mawe. Ndiyo ndefu kuliko zote za Ufaransa, na inayeyuka kwa kasi ya kuhuzunisha. Treni ilipoanza kufika hapa mwaka 1909, abiria walikuta barafu karibu na kituo. Leo barafu iko chini kabisa ya korongo, na kuta za kijivu zilizo tupu juu yake zinaonyesha ilikofika zamani. Kwa miaka mingi wageni walishuka mamia ya ngazi kufikia pango linalochongwa ndani ya barafu, na kila mwaka ngazi ziliongezwa kwa sababu barafu ilizidi kushuka. Sasa kuna lifti mpya ya kebo iliyofunguliwa mwaka 2024 na kupelekwa upande wa juu zaidi. Someni vibao vya miaka vilivyobandikwa mwambani kuonyesha kimo cha barafu, maana vinaeleza mambo kuliko maonyesho yoyote.

Treni nyekundu ya Montenvers inashuka mjini kwa dakika 20 hivi kwenye reli yenye meno. Jambo la kukariri ni saa ya treni ya mwisho ya siku hiyo, ambayo hubadilika kwa msimu. Mkiikosa, mnashuka kwa miguu msituni mita 880, saa mbili, baada ya kuwa mmeshatembea. Huko ndiko magoti ya mtu huisha. Andikeni saa hiyo kwenye simu zote mbili, na mjipe nafasi ya kuwahi treni mbili kabla ya ile ya mwisho, kwa sababu foleni ya jioni ya Agosti inaweza kuzijaza zote.

Lac Blanc ni ziwa dogo lililo mita 2,352, upande wa Aiguilles Rouges, na siku ya utulivu Mont Blanc wote huonekana ndani ya maji. Kutoka Flégère ni kupanda mita 475, saa moja na nusu hadi na robo tatu, na kushuka saa moja na robo. Hapa mambo mawili huharibika. La kwanza ni theluji. Mwezi Juni, wakati mjini watu wanakula nje kwa fulana, ziwa bado huwa limeganda na njia imefunikwa na theluji ngumu ya asubuhi inayoteleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Msiende kabla ya mwanzo wa Julai bila kuuliza, na mkiambiwa theluji ipo, chukueni vyuma vidogo vya kuvalisha viatu, ambavyo maduka ya vifaa huuza. La pili ni ngazi za chuma. Anayekuja kupitia maziwa ya Chéserys hukutana na ngazi zilizopigiliwa mwambani, na anayepanda kutoka Tré-le-Champ kupitia Aiguillette d'Argentière hukutana na nyingi zaidi. Si ngumu kwa mikono, ila kwa anayeogopa kimo ni ukuta. Mwenzi asimshawishi mwenzake kwa maneno "utazoea tu". Mtu aliyeganda katikati ya ngazi hawezi kupanda wala kushuka, na nyuma yake foleni inakua. Njia ya kutoka Flégère moja kwa moja ndiyo iliyo rahisi kwa wasiotaka ngazi ndefu. Ni ziwa lilelile.

Aiguilles Rouges ni hifadhi ya asili tangu mwaka 1974. Mbwa hawaruhusiwi, na mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu hukaa karibu na njia bila hofu. Msiwape chakula.

Kuhusu hali ya hewa, tuseme wazi: Julai na Agosti asubuhi ni ya kutembea na mchana ni wa kushuka. Jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia saa nane mchana mawingu meupe yenye vichwa kama koliflawa huwa yameanza kuwa meusi chini. Radi hufuata. Lengo liwe kuwa mmeshashuka kwenye kingo na mbali na ngazi za chuma kabla ya saa nane. Upepo au radi ikija, lifti husimama, na wale waliotegemea kushuka nazo hubaki juu. Hili wengi hawalifikirii: lifti inaweza kukupandisha asubuhi na isikushushe jioni. Kwa hiyo kwa kila matembezi jueni njia ya miguu ya kushukia, na nguvu za kuishuka ziwe zimebaki kwa wote wawili.

Utabiri wa kila siku hubandikwa kwenye ofisi ya utalii. Mtakuta humo kitu kinachoitwa iso 0, yaani kimo ambacho joto ni sifuri. Ikiwa ni mita 4,000 au zaidi, barafu na mawe yaliyoshikwa nayo yanalegea na maporomoko ya mawe huongezeka kwenye njia za juu. Ikiwa imeshuka mita 2,500 baada ya mvua, basi kwenye vilele kuna theluji mpya. Karibu na kanisa, kwenye Place de l'Église, kuna Maison de la Montagne. Humo mna ofisi inayotoa taarifa za hali ya njia bila malipo. Nendeni na ramani, waambieni mnataka kwenda wapi na nani kati yenu ana uzoefu gani. Swali bora ni "kwa siku ya leo, nyinyi mngemshauri mtu kama mimi aende wapi?" Ukiuliza "njia iko wazi?", jibu litakuwa ndiyo, na ndiyo hiyo haikusaidii.

Mwendo wa wawili una hila yake. Anayekwenda haraka hutangulia, husubiri kwenye kona, na mwenzake anapofika tu yeye huwa ameshapumzika, huinuka na kuendelea. Hivyo aliyechoka zaidi ndiye hapati kupumzika hata mara moja, na kufikia saa sita hasira huwa zimeshapanda bila mtu kujua zimetoka wapi. Mtembea polepole atangulie. Mapumziko yaanze anapofika yeye, na yahesabiwe kwa saa: dakika 5 kila baada ya dakika 50. Kuleni kidogo kila saa, hata kama njaa haijauma, maana njaa ya milimani huja kama ugomvi kabla ya kuja kama njaa. Maji lita moja na nusu hadi mbili kila mtu. Aliye imara abebe maji ya ziada, koti za wote na chakula. Mwenye miguu mizito abebe mkoba mdogo wenye vitu vyake vya lazima: koti lake la mvua, tochi ya kichwani, maji kidogo na simu. Asiachwe mikono mitupu, kwa sababu mkitengana atakuwa hana kitu.

Fimbo za kutembelea ni mbili kwa kila mtu, wala si mbili za kugawana. Wakati wa kushuka zirefusheni sentimita 5 hadi 10, zitangulie mbele ya mguu, uzito uende mikononi kabla ya goti. Viatu viwe vimeshavaliwa walau mara kumi kabla ya safari, na kidole gumba kisiguse ncha mnaposimama kwenye mteremko, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Lengelenge hutibiwa kabla halijawa lengelenge: mnaposikia joto mahali pamoja, simameni hapohapo, kausheni, bandikeni plasta. Kusubiri hadi mapumziko yajayo ni kuchelewa.

Wanaotaka kulala juu wana vibanda vya mlimani vinavyoitwa refuge. Nafasi huagizwa mapema sana, hasa zilizo kwenye njia ya Tour du Mont Blanc, ile ya kilomita 170 hivi inayozunguka mlima kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi. Malipo ya usiku huwa pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Viatu huachwa mlangoni, chakula huletwa saa moja jioni kwa wote mezani pamoja, taa huzimwa kama saa nne. Mnalala bwenini, kwa hiyo wanandoa wasitegemee chumba chao. Leteni shuka la mfuko, plagi za masikio na pesa taslimu.

Kuruka kwa paraglaidi na rubani ni jambo ambalo mmoja anaweza kulifanya na mwingine akalitazama. Wanaanzia Planpraz na kutua Bois du Bouchet, mita 950 hivi chini. Ukiambiwa kimbia, kimbia mpaka miguu ikose ardhi; wanaokaa mapema ndio huangukia makalio na kuharibu mwanzo. Asubuhi hewa ni tulivu, mchana husukasuka na tumbo hulalamika. Anayeogopa asubiri kwenye uwanja wa kutua, apige picha.

Mont Blanc wenyewe si matembezi. Njia ya Goûter hupita korongo linaloporomosha mawe, na ni lazima kuwa na nafasi iliyoagizwa kwenye kibanda. Mwongozaji huchukua watu wasiozidi wawili, kwa hiyo wanandoa hufungwa kamba moja. Maana yake ni kwamba mmoja akishindwa, wote wanashuka. Mkubaliane hilo mjini, kwa maneno, kabla ya kulipa. Kama hamtaki kulibeba hilo, mmoja aende na mwongozaji na mgeni mwingine.

Mambo ya karatasi yana mtego mmoja mkubwa. Uwanja wa ndege wa karibu ni Geneva, ulioko Uswisi, na wengi huomba viza ya Uswisi kwa sababu ndiko wanakotua. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, nayo ni Ufaransa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kila mmoja hujaza fomu yake. Ikiwa mmoja ndiye anayelipia, ambatanisheni cheti cha ndoa na barua yake. Bima ya angalau yuro 30,000 inatosheleza ubalozi, lakini nyingi hazilipi ajali ya paraglaidi wala ya juu ya kimo fulani. Someni mistari hiyo kabla ya kununua. Kutoka Geneva mabasi madogo ya kushirikiana huchukua saa moja na robo hadi na nusu. Mkifika, mwenye nyumba au hoteli huwapa kadi ya mgeni, carte d'hôte, ambayo huwaruhusu kupanda mabasi ya bonde na treni kati ya Servoz na Vallorcine bila nauli. Idaini mlangoni, maana si wote huitoa bila kuombwa. Mkivuka kwenda Courmayeur nchini Italia kupitia handaki la Mont Blanc, kilomita 11.6, bebeni pasipoti. Na vuli hakikisheni kwanza kama handaki liko wazi, kwani limekuwa likifungwa wiki kadhaa kwa ukarabati.

Mnapogawana siku, kubalianeni mambo manne na myaandike: njia yenyewe kwa jina, mahali pa kukutana palipo na paa, saa ya kukutana, na saa ya kengele. Saa ya kengele huwa dakika 90 baada ya saa ya kukutana. Kabla yake anayesubiri hana haja ya kuhangaika wala kuondoka kwenda kumtafuta mwenzake, maana hapo ndipo wawili hupishana kwenye njia mbili na wote kupotea. Simu haishiki kila mahali, kwa hiyo ukimya peke yake si dalili ya ajali. Saa ya kengele ikifika, muulize mhudumu wa lifti au wa kibanda kama amemwona, kisha piga 112. Utaulizwa yuko njia gani, amevaa rangi gani, ameondoka saa ngapi, ana uzoefu gani. Waokoaji wa milimani wa hapa ni askari wa PGHM, kikosi cha milimani cha jandamari ya Ufaransa. Helikopta ikikukaribia, inua mikono yote miwili kama herufi Y ukihitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini maana yake huhitaji. Kaa chini, shika kofia na mkoba, na usisogee mpaka wao wakufuate.